Niliishia Ukurasa wa Pili

Muhula wa pili wa mwaka 2009 nilimpa mwanafunzi wa kidato cha tatu alama 3 kwa 20. Pambizoni niliandika kwa wino mwekundu: “Umepotoka. Andika mambo ya kweli.” Katika kanisa letu la Friends hapa Kimilili, mtu akisimama kushuhudia hutaja kwanza alikotolewa, ndipo ataje alipofikishwa. Nami nitafuata utaratibu huo, ingawa ushuhuda wangu hauhusu ulevi wala ugonjwa. Unahusu insha moja ambayo sikuisoma hadi mwisho.

Shule niliyokuwa nikifundisha ilikuwa ya kutwa. Madirisha ya kidato cha tatu yalitazama Mlima Elgon, ambao sisi Wabukusu tunauita Masaba. Mvua ikikaribia, mlima huo husogea. Ukiwa darasani unadhani ukinyoosha mkono utaugusa. Swali nililowapa lilikuwa la methali: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilitarajia visa nilivyozoea. Mjomba anakuja kutoka Nairobi, analipa karo, mgonjwa anapelekwa hospitali, mwisho methali inatajwa tena ili mtahini aridhike. Karibu darasa zima liliniandikia hivyo, nami nikawapa alama zao.

Kijana huyu hakuandika hivyo. Alikuwa mkimya, akikaa nyuma karibu na mlango. Alikuwa amejiunga nasi mwaka uliotangulia katikati ya muhula, kwa barua ya uhamisho kutoka shule moja ya juu mlimani. Aliandika kuhusu pango ambamo ndovu huingia usiku kutafuta chumvi. Mtoto mmoja anamfuata ndovu kikongwe gizani, ameshika mkia wake, mpaka anafika nyuma ya ukuta wa chumvi, na huko anakuta kijiji kizima kinaishi ndani ya mlima. Hakuna mchana wala usiku. Watu wanahesabu siku kwa kulamba jiwe. Hakuna anayemwita mwenzake kwa jina, kwa sababu huko nje, kabla hawajaingia, majina yalikuwa yakiitwa usiku mlangoni, na aliyeitika hakurudi.

Hapo ndipo ukurasa wa pili ulipoishia. Kulikuwa na kurasa nyingine mbili. Sikuzifungua.

Nataka nieleweke. Sikuwa mwalimu mvivu. Nilikuwa nimesahihisha mitihani ya kitaifa, na mwongozo wa kusahihisha nilikuwa nao kichwani: mtahiniwa aliyejitungia swali lake huwekwa katika kiwango cha D, alama 1 hadi 5. Niliamini kwamba namwokoa. Niliamini pia, na hili ndilo zito, kwamba mambo ya mapango na ndovu wanaoongoza watu ni mambo ya kitoto, ya watu wasiosoma, na kwamba Kiswahili cha shule kinahitaji ajali ya matatu, mgomo wa wanafunzi, ufisadi, ukimwi. Ukweli kwangu ulikuwa kile kinachoweza kutangazwa redioni saa moja jioni.

Na ajabu ni kwamba mimi nililelewa na kukhu. Nyanya yangu huyo hakujua kusoma, lakini alijua habari za Mango kama mtu aliyekuwepo. Alisimulia jinsi nyoka mkubwa alivyokuwa akila watu na mifugo, jinsi Mango alivyoingia katika pango la nyoka huyo akiwa peke yake, akajificha, akamngoja arudi, akamkata kichwa. Kichwa kile, kukhu alisema, kiliruka kikauma mti, na mti ukakauka hapo hapo. Ndipo majirani wakakubali kwamba mtu shujaa namna hiyo anastahili kutahiriwa, na ndiyo maana mpaka leo, Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, wavulana wetu wanashuka mtoni alfajiri na wimbo wa sioyaye unasikika kutoka Kamukuywa mpaka Chwele. Kila jioni ya likizo kulikuwa na linani vilevile, zimwi mla watu, na nilikuwa nikiogopa kwenda kujisaidia nje. Nilipokwenda chuo cha ualimu niliviacha vyote hivyo jikoni kwa kukhu. Hakuna aliyeniambia niviache. Nilidhani tu kwamba ndivyo watu waliosoma wanavyofanya.

Baba yangu alifariki mwaka 2016. Alikuwa mwalimu wa msingi, na katika sanduku lake la bati tulikuta vyeti, stakabadhi za ushuru, na kitabu kisicho na jalada, kurasa zake zimeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Kilikuwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Baba alikuwa amekisoma akiwa kijana katika shule ya misheni, na alikitunza kwa zaidi ya miaka sitini bila kunionyesha hata siku moja. Nilikisoma usiku baada ya matanga, kwanza kwa ajili yake, kisha kwa sababu sikuweza kukiweka chini. Wanaume watatu wanavuka jangwa wakifuata ramani ya Mreno aliyekufa zamani. Wanafika nchi iliyofichwa nyuma ya milima. Kuna mfalme katili, mrithi halali aliyejificha kama mtumishi, ajuza mchawi anayeitwa Gagula, na mwisho kuna pango lenye mali ya Sulemani, na mlango wa jiwe unaowafungia humo.

Pango. Niliketi kitandani nikitetemeka. Baba yangu, aliyeniambia nisome kwa bidii nije kuwa mtu, alikuwa amehifadhi pango chini ya vyeti vyake.

Nilimwomba binti yangu anitafutie habari za mwandishi. Vitabu vyake ni vya zamani, vinapatikana bure kwenye intaneti, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikisoma kwa simu mpaka betri inakwisha. Henry Rider Haggard alizaliwa Norfolk, Uingereza, mwaka 1856, mtoto wa nane kati ya kumi. Baba yake alimwona kuwa mzito wa akili. Ndugu zake walipelekwa shule za gharama, yeye hakupelekwa. Mwaka 1875, akiwa na miaka 19, alipakiwa melini kwenda Natal, Afrika Kusini, kufanya kazi bila mshahara katika ofisi ya gavana. Huko alikaa miaka kadhaa miongoni mwa Wazulu na Waingereza, akasikiliza wazee, akaona vita na utawala wa nchi yake ukipanuka kwa nguvu. Aliporudi kwao alisomea sheria, akaandika kitabu cha siasa za Wazulu ambacho alilazimika kulipa pauni 50 ili kichapishwe, kisha riwaya mbili ambazo hazikumpa chochote cha maana.

Kilichofuata nimewasimulia wanafunzi wangu mara nyingi. Haggard alibishana na ndugu yake kuhusu Kisiwa Chenye Hazina cha Robert Louis Stevenson, ambacho kila mtu alikuwa akikisifu. Ndugu akamwambia hawezi kuandika kitu hata nusu ya kile. Wakawekeana dau. Haggard akaandika Mashimo kwa muda wa wiki sita hivi, usiku, baada ya kazi. Kitabu kilitoka Septemba 1885, na katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 31,000. Mchapishaji alikuwa amempa achague: pauni 100 mara moja, au asilimia kumi ya kila nakala. Alichukua zile 100. Mhariri alipotoka kidogo, karani aliyekuwa kimya pembeni akamnong'oneza kwamba ni afadhali achukue asilimia. Haggard akabadili uamuzi, na neno moja la karani likamjengea maisha. Baadaye alipewa cheo cha Sir, mwaka 1912, na alipofariki mwaka 1925 alikuwa ameandika riwaya zaidi ya hamsini. Katikati ya hizo alizunguka mashamba ya Uingereza akiuliza kwa nini vijana wanakimbilia mjini, akaandika vitabu vizito vya kilimo. Mzee yeyote wa Kimilili mwenye ekari mbili za mahindi angeketi naye wakaelewana.

Kuna jambo dogo linalonipendeza kama mwalimu. Katika toleo la kwanza la Mashimo, wageni wanawatisha wenyeji kwa kutabiri kupatwa kwa jua. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo mwandishi alikuwa amewasha mwezi mpevu angani, na jua haliwezi kupatwa mwezi ukiwa mpevu. Hata mtoto anayelala nje kulinda mahindi anajua mwezi unavyokwenda. Haggard alionyeshwa kosa hilo, na katika matoleo yaliyofuata akalibadili, ikawa kupatwa kwa mwezi. Aliachiwa nafasi ya kurekebisha. Hakuna aliyemwandikia pambizoni kwamba amepotoka.

Kisha nikafika mahali ambapo hadithi yake ilikuja kunigongea mlango.

Mwaka 1883 Mskoti mmoja, Joseph Thomson, mwenye miaka 25, aliondoka Mombasa na msafara, akapita nchi ya Wamaasai, na mwezi Desemba akafika kwa Mumia, pale tunapopaita Mumias leo. Akaona Ziwa Viktoria, kisha akageuka kurudi kwa kupitia mlima wetu. Siku ya mwisho ya mwaka huo alijeruhiwa vibaya na nyati. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameona mapango ya Elgon. Alikuta watu wanaishi ndani yake, wao na ng'ombe wao, pamoja na nyumba na maghala. Aliwauliza ni nani aliyeyachimba. Walimjibu kwamba ni kazi ya Mungu. Hakukubali. Katika kitabu chake, Through Masai Land, kilichotoka mwaka 1885, aliandika kwamba lazima yalichimbwa zamani sana na taifa lenye nguvu na ustaarabu, likitafuta vito au madini ya thamani, na akajiuliza kama Wamisri wa kale walifika huku kusini.

Nilisoma mistari hiyo nikiwa nimekaa kwenye kibaraza, mlima ukiwa mbele yangu. Miaka miwili kabla ya Mashimo ya Mfalme Sulemani kutoka, Mskoti huyo alikuwa amesimama katika mapango ya kwetu akiota migodi ya wageni wa kale.

Haggard na Thomson walifahamiana kwa maandishi. Thomson alikuwa na meno mawili ya bandia, na katika kitabu chake anaeleza jinsi alivyoyatoa na kuyarudisha kinywani ili kuwashangaza Wamaasai. Katika Mashimo yumo Kapteni Good, ambaye meno yake ya bandia yanafanya kazi hiyohiyo. Thomson hakufurahi. Mwaka 1887 Haggard alipotoa Allan Quatermain, alimtaja Thomson waziwazi kwamba amechota kwake habari za makabila ya huku, na akamshukuru pia ndugu yake John, ambaye alikuwa amekaa Lamu akiwa konsuli wa Uingereza. Ndiyo maana safari ya riwaya hiyo inaanzia Lamu, inapanda Mto Tana kwa mitumbwi, inapigana na Wamaasai, inakwenda mpaka Mlima Kenya. Baada ya hapo taarifa zikamwishia. Na pale zilipoishia, Haggard aliweka nini? Mto unaopita chini ya ardhi, na ng'ambo yake taifa la watu weupe, Zu-Vendis, lenye majumba ya marumaru na malkia wawili. Mwaka huohuo kilitoka kitabu She: watu wanaishi katika mapango ya Afrika, na anayewatawala ni mwanamke mweupe mwenye miaka elfu mbili.

Niliacha kusoma. Nilikasirika kwa namna ambayo sikuitarajia. Upande huu wa ramani aliouacha wazi ndiko walikokuwa babu za kukhu wakilima wimbi, ndiko walikokuwa babu za majirani zetu Wasabaot wakilala na ng'ombe wao ndani ya jiwe. Thomson aliambiwa jibu na wenyeji akalikataa. Ukweli unajulikana siku hizi. Mwaka 2018 niliwapeleka wanafunzi katika mbuga ya Mlima Elgon, kupitia Kitale na Endebess hadi lango la Chorlim, tukaingia katika pango la Kitum. Linaingia mlimani kiasi cha mita 200. Kuta zake ni majivu ya volkano yaliyogandamana, laini kuliko jiwe la kawaida, yenye chumvi. Maji yalianza kulichimba, na ndovu wameliendeleza kwa vizazi na vizazi, wakiingia gizani usiku, wakipapasa njia kwa mikonga, wakikwangua ukuta kwa pembe ili wapate chumvi ambayo nyasi za mlimani hazina. Alama za pembe zipo ukutani. Niliweka kidole changu ndani yake. Wafugaji nao walikwangua humo chumvi ya ng'ombe wao.

Kwa hiyo ndovu huingia kweli. Sehemu ile ya insha ambayo niliiona kuwa ya kipuuzi kuliko zote ilikuwa habari sahihi ya kisayansi. Mwenye kupotoka nilikuwa mimi, niliyezaliwa kilomita chache kutoka hapo nisijue.

Ningeweza kuishia hapo, na kwa muda niliishia. Nilidhani fundisho langu ni hilo: kwamba Waingereza walichukua mlima wetu wakauandikia ndoto zao, nami nikawakataza watoto wa mlima kuuandikia zao. Ni kweli, lakini haikutosha, kwa sababu baba yangu hakukitunza kitabu kile kwa upumbavu. Frederick Johnson alikichapisha kwa Kiswahili mwaka 1929, mwaka mmoja kabla ya yeye kuwa katibu wa kwanza wa ile kamati ya lugha iliyosanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki. Baada ya tafsiri kama hiyo walikuja waandishi wetu wenyewe. Shaaban Robert alituwekea nchi nzima angani, Kusadikika, mwaka 1951. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi na Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960. Nilikuwa nimewafundisha wote wawili, na nilikuwa nikisema darasani “hii ni jazanda” kana kwamba jazanda ni ruhusa ambayo watu wakubwa tu huipata.

Aliyenifungua macho hasa ni Katama Mkangi. Nilikuwa nimesoma Walenisi haraka haraka ilipokuwa mpya, katika miaka ya tisini, nikaona ni kisa cha ajabu tu. Nikairudia baada ya kumaliza Haggard. Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, anatiwa katika chombo na kurushwa angani ili afie huko. Hafi. Anajifunza kukiendesha, anatua katika sayari ambayo watu wake wanaishi kwa usawa na utu. Jina la sayari hiyo, ukilitenganisha, linasema: wale ni sisi. Kitabu kilitoka mwaka 1995. Mkangi, msomi wa Kilifi aliyekuwa akifundisha sosholojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa ametiwa kizuizini mwaka 1986 bila kufikishwa mahakamani, wakati ambapo kusema neno moja la wazi kuhusu serikali kulitosha kumpoteza mtu. Mtu aliyefungiwa na nchi yake aliandika kuhusu mtu anayerushwa nje ya dunia. Haggard alitunga nchi ya mbali ili msomaji aisahau ofisi yake kwa saa chache. Mkangi alitunga nchi ya mbali kwa sababu ya karibu haikuweza kutajwa.

Niliweka kitabu chini, na yule kijana wa safu ya nyuma akanijia akilini.

Alikuwa ametoka mlimani mwaka 2008. Kila mtu mzima wa hapa anajua maana yake. Kuanzia 2006, kwa sababu ya ugawaji wa mashamba ya Chebyuk, kundi la wanamgambo lilikuwa likitembea usiku Mlima Elgon, likiita watu kwa majina milangoni. Mamia waliuawa. Machi 2008 jeshi lilipelekwa kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na wanaume wengi walichukuliwa wakateswa, wengine hawakuonekana tena. Familia zilishuka Kimilili, Chwele, Bungoma, Kitale, zimebeba magodoro. Tulizipokea kanisani. Nilipika uji mwenyewe. Na mwaka mmoja baadaye mtoto mmoja kati ya hao akaniletea kurasa nne kuhusu watu waliojificha ndani ya mlima kwa sababu majina yao yalikuwa yakiitwa usiku, nikamwambia aandike mambo ya kweli.

Ilinichukua miaka mingi na Mwingereza aliyekufa zamani, na mzee wa Kilifi, na sanduku la baba, kusoma sentensi iliyokuwa mbele ya macho yangu.

Nilimtafuta. Haikuwa rahisi, alikuwa ameacha shule kabla ya kidato cha nne. Mwaka 2019 mwanafunzi mwenzake mmoja wa zamani alinielekeza kwenye kinu cha posho njiani kuelekea Kapsokwony. Nilimkuta amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Alinifahamu mara moja, akazima mashine, akanifutia kiti.

“Madam, karibu. Kuna shida?”

Nilimwambia nimekuja kumwomba msamaha kwa insha. Nilimkumbusha mwaka, methali, pango. Alinisikiliza kwa heshima, ameinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya darasani. Kisha akatabasamu.

“Alama naikumbuka, Madam. Ilikuwa tatu. Hiyo hadithi yenyewe nimeisahau.”

“Daftari je?”

“Tulihama mara nyingi.”

Basi nikamsimulia. Nilimsimulia hadithi yake mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimebaki mimi peke yangu duniani niliyeijua: ndovu kikongwe, mkia, ukuta wa chumvi, watu wanaohesabu siku kwa kulamba jiwe, majina yasiyotamkwa. Wateja wawili waliokuwa wakingoja unga nao walisogea. Nilipofika kwenye majina, alikaa chini juu ya gunia. Hakusema kitu kwa muda.

Halafu akaniuliza, “Mwishowe walitoka?”

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa kwenye kurasa mbili ambazo sikuzifungua, na yeye aliyeziandika hakuwa nalo tena. Nilimwambia hivyo, bila kujitetea. Akanyamaza, akaniambia, “Si kitu, Madam,” akanipimia kilo mbili za unga akakataa pesa.

Tangu mwaka 2016 sijaandika “umepotoka” kwenye insha ya mtoto yeyote. Bado nawafundisha matakwa ya mtihani, kwa sababu cheti ni cheti na wazazi wao wameuza ng'ombe. Lakini kila muhula tunaandika insha moja isiyo na alama, ya jambo lisilowezekana, na nawadai usahihi kama nisivyowadai mahali pengine. Kama kuna pango, nataka kujua linanuka nini. Kama mwezi unaandama, usiku wa pili usiwe mpevu. Wengine wanaleta linani akiwa na simu. Msichana mmoja mwaka jana aliandika kuhusu kichwa cha nyoka wa Mango, kwamba hakikufa, kiko ndani ya mti uliokauka na kinasikiliza. Nilisoma mara tatu. Naona kukhu angempa kigoda.

Nimebakisha muhula mmoja nistaafu. Kama ulikuwa mwanafunzi wangu kati ya 1994 na 2016, na nilikukata kwa kalamu nyekundu kwa sababu uliandika kitu ambacho nilidhani hakipo, na kama bado unalo daftari hilo nyumbani kwenu, hata kama limeliwa na mchwa, niletee. Jumamosi alasiri huwa niko nyumbani, na wengi wenu mnapafahamu. Nitasoma mpaka ukurasa wa mwisho.